Niliambiwa Nichague Moja

"Mama, unanyonyesha?"

Nikaitikia kwa kichwa. Mtoto nilikuwa nimembeba kifuani, kalala, mdomo wazi. Mfamasia akafungua boksi la dawa, akatoa ile karatasi nyembamba iliyokunjwakunjwa, akaitandaza juu ya kioo cha kaunta na kuweka kidole kwenye mstari mmoja katikati ya maandishi madogo.

"Wenyewe wanasema hapana. Kwa hiyo chagua moja, mama. Dawa au kunyonyesha."

Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Nikalipa, nikaondoka na boksi langu, likakaa kwenye droo bila kufunguliwa.

Hayo ni ya zamani kidogo. Mtoto mwenyewe siku hizi anavaa viatu bila msaada, japo mara nyingi anabadilisha kulia na kushoto. Huenda ningeshayasahau, ila majuzi rafiki yangu aliyejifungua kaniandikia usiku wa manane: "Dada, nimepewa dawa za sonona, halafu nimeambiwa nichague moja."

Maneno yale yale. Mtu mwingine, kaunta nyingine, ugonjwa uleule niliokuwa nao mimi: sonona, ile huzuni nzito isiyotaka kuondoka.

Nimeyabeba wiki kadhaa sasa. Nilimjibu usiku uleule, lakini jibu la kwenye simu lilikuwa fupi kuliko jambo lenyewe.

Inapita, ndiyo

Dawa ya sonona inapita kwenye maziwa. Karibu kila dawa anayomeza mama hupita, kwa kiasi chake. Atakayekwambia haipiti kabisa anakubembeleza tu.

Daktari wa akili niliyekuja kumwona baadaye hakunibembeleza. Nilimuuliza kama itamfikia mtoto. Akasema, "Itamfikia." Akanyamaza, akaniacha nikae nayo kwanza. Kisha akaniuliza kwa nini sijamuuliza ni kiasi gani.

Sikuwa nimefikiria. Kichwani mwangu kulikuwa na ndiyo na hapana tu.

Kumbe kuna hesabu yake. Wanachukua kiasi cha dawa anachopata mtoto kwa siku kupitia maziwa, kwa kila kilo ya uzito wake, wanakilinganisha na kiasi anachomeza mama kwa kila kilo ya uzito wa mama. Jibu likiwa chini ya asilimia 10, na mtoto kazaliwa kwa wakati wake na ana afya, wataalamu kwa kawaida huona inakubalika. Sertralini, ambayo mara nyingi ndiyo ya kwanza kufikiriwa kwa mama anayenyonyesha, huangukia karibu na asilimia 2 au chini ya hapo. Watoto wengi waliopimwa damu huku mama zao wakiitumia, dawa haikuonekana, au ilionekana kidogo mno.

Daktari alinieleza na sababu, nikaipenda kwa kuwa ilieleweka. Sehemu kubwa ya sertralini, takriban asilimia 98, hung'ang'ania protini zilizomo kwenye damu ya mama, na iliyong'ang'ania haivuki kwa urahisi kwenda kwenye maziwa. Inayovuka ni ile chache iliyobaki huru. Katika siku za mwanzo kabisa chembe za titi huwa bado hazijabanana vizuri, kwa hiyo vitu hupenya zaidi, lakini siku hizo zenyewe mtoto ananyonya dang'a, na dang'a ni matone tu.

Si dawa zote zinazofanana. Fluoksetini huchukua muda mrefu kutoka mwilini, na kile inachogeuka kuwa baada ya kupita kwenye ini hukaa muda mrefu zaidi. Ini la mtoto mchanga bado ni jipya kazini, hivyo dawa ya namna hiyo inaweza kumrundikia. Ndiyo maana haiwi chaguo la kwanza kwa mama anayeanza dawa akiwa na kichanga. Doksepini huepukwa, kwa sababu kuna taarifa za watoto waliolegea na kupumua kwa shida. Paroksetini na nortriptilini zinapita kidogo. Na mama ambaye tayari dawa fulani imemshika vizuri tangu ujauzito, mara nyingi hawakimbilii kumbadilishia, maana kubadili nako kuna hatari ya kumrudisha alikotoka.

Yote haya hayaingii kwenye "chagua moja."

Karatasi ya kwenye boksi

Nimeisoma tena ile karatasi hivi karibuni. Ni kweli imeandika vile. Mfamasia hakutunga.

Ila nimejifunza inavyoandikwa. Dawa nyingi, zinapofanyiwa majaribio kabla ya kuuzwa, akina mama wanaonyonyesha huachwa nje. Kampuni haina takwimu zake yenyewe kuhusu maziwa, na isiyo na takwimu haiwezi kuandika "meza kwa amani." Basi inaandika ushauriwe na daktari, au uepuke, au faida izidi madhara. Karatasi ile inamlinda aliyeitengeneza dawa, na hilo ni jambo halali kabisa. Tatizo ni pale inaposomewa mwanamke aliyeshika mtoto kana kwamba ni matokeo ya utafiti.

Utafiti upo, ila umekaa kwingine: wanawake waliokuwa tayari wanatumia dawa, wakakubali kukamua maziwa yapimwe, na watoto wao watolewe tone la damu. Matokeo hayo yamekusanywa, dawa baada ya dawa, kwenye hifadhidata iitwayo LactMed, iliyofunguliwa Marekani mwaka 2006 na Maktaba ya Taifa ya Tiba. Inasomwa bure. Daktari wangu aliifungua mbele yangu na kunigeuzia skrini.

Halafu kuna zile herufi, A, B, C, D na X, ambazo bado nazisikia zikitajwa, "hiyo dawa ni kundi C, mama, usinyonyeshe." Herufi zile zilikuwa za kupanga dawa kwa hatari yake wakati wa ujauzito, wala hazikuwahi kuhusu maziwa. Na Marekani yenyewe, zilikotoka, ilianza kuziondoa kwenye maelezo ya dawa mwaka 2015.

Ugonjwa nao unamfikia mtoto

Hili ndilo lililonikereketa zaidi. Dawa ina karatasi ya kuonya. Sonona haina.

Hakuna aliyenipa karatasi iliyokunjwakunjwa yenye orodha ya madhara ya kukaa na mtoto bila kumwona. Nami nilikuwa nayo, hayo madhara. Mtoto alikuwa analia mapajani mwangu nami namsikia kama wa jirani. Maziwa yalikuwa yanashuka yenyewe, blauzi imelowa hadi tumboni, mwili unaitika na mimi siitiki. Nilimnyonyesha kila alipotaka. Sikumtazama.

Mtoto mchanga anajifunza uso wa mtu kwa kujibiwa: anakodoa, unakodoa, anatoa sauti, unatoa sauti. Sonona hukata mazungumzo hayo. Pale inapokuwa kali na ya muda mrefu bila tiba, tafiti zimeihusisha na ugumu wa kunyonyesha kwenyewe, na uhusiano wa mama na mtoto, na hata maendeleo ya mtoto baadaye. Kwa mama, mwisho wake unaweza kuwa mbaya kuliko wote. Nchini Uingereza, ambako kila kifo cha mzazi huchunguzwa, kujiua kumekuwa kukitajwa kama sababu inayoongoza kati ya vifo vinavyotokana moja kwa moja na uzazi, kuanzia wiki ya 6 hadi mwaka mmoja baada ya ujauzito kwisha.

Wala si ugonjwa wa wachache. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na kwa nchi zinazoendelea ni karibu asilimia 20.

Mmoja kati ya watano. Angalieni foleni ya kliniki siku ya chanjo.

Mama yangu mzazi alikuwa upande wa kuvumilia. "Mwanangu, kila mwanamke analia akizaa," aliniambia, na kwa siku za mwanzo yuko sahihi: homoni zinaporomoka kondo la nyuma likishatoka, machozi yanakuja siku ya tatu au ya nne, na kwa wengi yanakwisha ndani ya wiki mbili. Yangu yalikuwa yameshapita hapo kwa mbali. Nikamwambia hivyo.

"Hata mimi nililia," akasema, akikunja nepi. "Nililia mpaka ulipoanza kutembea."

Alisema kunipa moyo.

Sauti ya mama mwema

Lakini hayo yote, asilimia na ini na protini, hayakunifanya nifungue boksi. Nilikuwa nimeyaelewa na bado droo imefungwa.

Kilichonizuia kilikuwa sauti. Ilisema: mama wa kweli angevumilia. Ilisema: unataka kumnywesha mtoto dawa ili wewe ujisikie vizuri. Ilikuwa inaongea kwa upole na kwa busara, kama mtu anayemtetea mtoto. Nani angebishana na mtu anayemtetea mtoto?

Daktari alinipa dodoso la kujaza, lile la Edinburgh la kupima sonona kwa waliojifungua, maswali 10, linalotumika duniani tangu mwaka 1987. La kwanza linauliza kama bado unaweza kucheka. La tatu linauliza kama umekuwa ukijilaumu bila sababu mambo yanapoharibika.

Nililisoma la tatu mara kadhaa.

Kujilaumu kulikuwa humo ndani, kwenye orodha ya dalili, pamoja na kulia na kukosa usingizi. Kwamba sauti ile niliyodhani ni dhamiri yangu, niliyokuwa naiheshimu, ilikuwa sehemu ya ugonjwa wenyewe. Ilikuwa inatetea nafasi yake. Sonona isingeweza kuniambia "usimeze dawa, nataka kubaki." Ilibidi ivae kanga ya mama mwema ndipo nimsikilize.

Hapo ndipo naona ubaya wa "chagua moja" ulipo hasa. Uamuzi unatupiwa mtu ambaye chombo chake cha kuamulia ndicho kinachoumwa. Ni kama kumwambia mwenye homa akadirie joto la chumba. Ataamua dhidi yake mwenyewe kila mara, na ataona ameamua kwa upendo.

Swali la 10 la dodoso lile ni kuhusu kujidhuru. Nitaliandika bila kuzunguka: kama jibu lako hapo si "kamwe," usingoje miadi, mwambie mtu leo. Na kama mzazi ameanza kusikia sauti ambazo wengine hawasikii, kushuku watu bila msingi, kuamini mambo ya ajabu kuhusu mtoto, halali na wala hachoki, hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali, hata kama kesho yake anaonekana mzima. Huwapata kama 1 au 2 kati ya wazazi 1,000, na haitaki kusubiriwa.

Kumvizia mtoto

Kabla ya kuandika dawa, daktari aliuliza kitu ambacho sikukitarajia: nimewahi kuwa na vipindi vya nguvu za ajabu, mawazo yanakimbia, silali na sijali? Nikadhani anapoteza muda. Kumbe kwa mwenye ugonjwa wa hisia unaopanda na kushuka, dawa ya sonona peke yake inaweza kumrusha upande wa pili. Mwulizeni daktari asipouliza.

Nikaanza na dozi ndogo. Wiki ya kwanza ilikuwa kichefuchefu na kichwa kizito, na usingizi ukawa mbaya zaidi. Nilikuwa nimeonywa, lakini kuonywa hakupunguzi kichefuchefu. Dawa hizi huanza kuonyesha kazi baada ya wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi, na madhara huja mapema kuliko faida. Wengi huachia hapo katikati. Naelewa kwa nini.

Nikabuni mbinu: nameza mara tu mtoto akimaliza kunyonya usiku, ili dawa ipate muda wa kupungua kabla hajaamka. Nilijiona mjanja. Daktari akatabasamu. Sertralini hufika kilele chake kwenye maziwa saa kadhaa baadaye, kama 7 hadi 10, na inakuwepo mwilini saa zote, kwa hiyo kuiotea hakubadilishi mengi. Kukamua na kumwaga pia hakuna maana kwa dawa kama hii. "Ila kama inakupa amani, meza usiku," akasema. Nikaendelea kumeza usiku. Amani nayo ni kitu.

Kilichonitesa ni kumwangalia mtoto. Niliambiwa nitazame mambo machache: kusinzia kupita kawaida, kukataa ziwa, kulialia bila kutulia, kutoongezeka uzito. Sasa niambieni, kichanga kinasinzia kupita kawaida ya nani? Wanasinzia kutwa. Nilikuwa namkuna unyayo saa nane za usiku nione kama atakunja vidole. Anakunja. Nasubiri, namkuna tena. Mume wangu akaniuliza mbona simwachi mtoto alale.

Ilikuwa kadi ya kliniki iliyonituliza. Mtoto akawekwa kwenye mizani, nesi akaweka nukta, nukta ikapanda, mwezi uliofuata ikapanda tena, na mstari wake ukafuata njia yake kama wa mtoto yeyote. Kwa mtoto njiti, au mwenye shida ya ini au figo, au mama anayetumia dawa zaidi ya moja, uangalizi unatakiwa kuwa mkali zaidi, na mambo yote hayo daktari wa mtoto ayajue.

Na kuna watoto ambao dawa iliwasumbua. Ni wachache, walioripotiwa kusinzia, kulialia au kunyonya vibaya, na hutulia mama akibadilishiwa au dozi ikishuka. Tafiti za kuwafuatilia watoto hawa kwa miaka mingi ni chache na ndogo, ingawa zilizopo kwa sehemu kubwa hazijaonyesha jambo la kutisha. Nayasema kwa kuwa niliyataka yasemwe. Niliyeambiwa ukweli wote ndiye niliyeweza kumeza.

Taulo

Watu huuliza, ulijuaje imeanza kufanya kazi?

Mume wangu aliacha taulo bichi kitandani, upande wangu. Nikakasirika. Nikasema, nikasema tena kwa sauti, akaliondoa, na hasira ikaisha.

Ikaisha! Ilikuwa na mwanzo, sababu na mwisho. Wiki nyingi nyuma hapakuwa na kitu kilichokuwa na mwisho. Nilikaa kwenye godoro lililolowa nikiwaza jinsi hasira ya kawaida ilivyo nyepesi.

Furaha ilikuja baadaye na bila haraka, na sitaki kuipamba. Baadhi ya siku ilikuwa ni kuoga tu.

Upande wa pili wa "moja"

Nisieleweke vibaya. Kuna waliochagua moja, na wakachagua sawasawa.

Najua mama aliyeacha kunyonyesha kwa sababu kila mnyonyo wa usiku ulikuwa unamwibia usingizi ambao ugonjwa wake ulikuwa unaugombania. Akahamia maziwa ya kopo, baba akachukua zamu, mama akalala, na kulala kukawa nusu ya tiba yake. Mwanawe anakimbia. Kuna ambao kunyonyesha kwenyewe, chuchu zimepasuka na mtoto hashibi, ndiko kulikokuwa kunawasukuma shimoni. Na kuna ambao sonona yao ni ya kiwango ambacho mazungumzo na mtaalamu, yaliyopangwa na kufuatiliwa, yanatosha bila kidonge chochote.

Ninachokataa ni mtu kuachishwa ziwa na mstari wa kwenye karatasi, ghafla, kwenye kaunta, bila mtu kumuuliza analala saa ngapi au anajisikiaje anaponyonyesha. Kukatiza ghafla kuna adha zake: matiti kujaa na kuuma, hata kuvimba kwa maambukizi, na huzuni juu ya huzuni kwa yule ambaye kunyonyesha kulikuwa ndicho kitu pekee alichoona anakifanya vizuri. Kwangu kulikuwa hicho.

Vilevile nakataa upande mwingine wa shilingi hiyohiyo: anayemwambia mama aache dawa ili anyonyeshe. Dawa hizi hazikatwi siku moja. Unashushwa taratibu, ukiwa na daktari, la sivyo kizunguzungu, wasiwasi na ule mshtuko wa ajabu kichwani, na ugonjwa ukinyemelea nyuma yake.

Ajabu ni kwamba ugonjwa huu wa zamani kiasi hiki umepata dawa iliyoidhinishwa mahsusi kwa ajili yake mwaka 2019 tu, huko Marekani, na ilikuwa ya dripu ya saa 60. Kidonge chake cha kwanza, cha kumeza siku 14, kikaidhinishwa 2023. Wengi wetu tutaendelea na hizi za kawaida, ambazo bahati nzuri zimeshatazamwa kwenye maziwa ya wanawake wengi waliotutangulia.

Nilichomwandikia

Rafiki yangu nilimwambia arudi kwa daktari na maswali yake yameandikwa, maana kichwa cha sonona husahau yote mlangoni. Jina kamili la dawa, na kwa nini hiyo na si nyingine. Mtoto atazamwe nini, na nani apigiwe simu usiku. Tutaonana lini tena, na isipofanya kazi tunafanyaje. Aende na mtu. Mumewe, dada yake, yeyote anayeweza kusikiliza pale yeye atakapochoka kusikiliza.

Akaniuliza: na wewe uliacha lini?

Daktari aliniambia niendelee miezi kadhaa hata baada ya kupona, kati ya 6 na 12, kwa sababu wanaoacha mapema hurudi walikotoka. Nilipanga kichwani kwamba siku nitakayomwachisha mtoto ziwa ndiyo nitaanza kumeza bila wasiwasi. Haikwenda hivyo. Wasiwasi uliondoka wenyewe muda mrefu kabla, sikumbuki hata wiki gani, nikawa nameza kidonge na kumweka mtoto ziwani bila kuyafikiria kama mambo mawili. Halafu asubuhi moja akalisukuma titi kwa mkono, akadai kikombe alichokuwa nacho baba yake, na hakurudi tena. Mimi nilikuwa bado nina miezi ya dawa mbele yangu.